Daftari la Makutano

Bi Somoe Nangocho hupima majaruba kwa kamba ya katani:
kigingi hapa, kigingi kule, anavuta mpaka kamba ilie.
Machole, mwezi wa nane. Jua limekaa juu ya chumvi
kama mdai asiyetaka kuaga.
Mimi namshikia daftari. Shule imefungwa,
na mwalimu wa hesabu likizoni ni karani tu.

Naandika: ya kwanza na ya tatu, kigingi cha kwenye mikoko.
Ya pili, ya tatu na ya nne, kigingi kimoja, kando ya pampu.
Siandiki urefu. Siandiki pembe.
Naandika nani kakutana na nani,
na wapi wamezidi wawili.

Latosha hilo. Usiku, taa imezimwa,
nahesabu vipande nisivyoviona:
kamba nne zilizopita ovyo, kumi na kimoja;
tatu zikichangia kigingi, kumi.
Kimoja kimefia pale pampuni,
pembetatu iliyobanwa hadi ikaishiwa pumzi.
Asubuhi shangazi anahesabu kwa miguu. Kumi.
"Kumbe daftari lina macho!"

Nina daftari jingine, la miraba,
mwaka wa sita huu liko chini ya godoro.
Nilimweleza mwezi wa tisa,
tukinyunyizia magunia madini joto, vidole vikiwasha:

Kuna nchi, shangazi, kila kipimo chake ni viwili,
hatua ya mbele, na hatua isiyo na upande katika ardhi hii.
Huko tuta halitengi kitu.
Maji hulizunguka kama umbea unavyozunguka mlango uliofungwa.

"Basi tuta la nini?"

La kuzungukwa.
Wewe unaondoa maji, unabaki na chumvi.
Mimi naondoa matuta, nabaki na maji,
na maji yale hayasahau yalizunguka wapi.

Matundu yake daftari linayajua, yote, kwa hesabu.
Mizunguko yenyewe, upi utangulie, upi ufuate,
hapo limeshaumbuka: wamepatikana pacha
wa daftari moja, wasiofanana mwendo.
Lakini chukua milinganyo ya kamba zote,
izidishe huu kwa huu mpaka uishe,
kisha dai jibu liwe moja, lisiwe sifuri.
Linainuka umbo. Lina matundu.
Mangapi? Daftari linajua?

"Nani anajua?"

Hakuna. Hapa Lindi hakuna, ng'ambo hakuna.

Akafunga gunia kwa meno. "Umejaribu mangapi?"
Mia mbili na kumi na manne. Yote daftari lilijua.
Na nikisogeza vigingi taratibu
bila kuvunja makutano hata mamoja,
umbo halibadiliki, hilo limethibitishwa.
Ninachokiogopa ni majaruba mawili, daftari moja,
yasiyo na njia ya kusogea mpaka yafikiane.

Alinishika mkono, akanipeleka kwenye la sita na la saba.
Kamba zilezile, vigingi vilevile,
ukurasa mmoja ningeweza kuunakili mara mbili.
"Onja."
La sita, chumvi.
La saba, chumvi, halafu nyuma ya ulimi
uchungu mwembamba, kama neno lililosemwa chumbani.
"Miaka kumi na minne. Nimebadili maji, nimebadili vibarua.
Haya, nionyeshe kwenye daftari lako imeandikwa wapi."

Nilijua jibu la mwalimu: udongo, mamaangu, magadi,
si hesabu hiyo.
Sikulisema. Nilitema, nikafungua ukurasa,
nikaandika *la saba, chungu*,
kisha nikafuta, kwa sababu safu yake haikuwepo.

Alama ya ufutio bado ipo.
Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, inasomeka.
Jana usiku nilianza la mia mbili na kumi na tano:
kamba tisa. Nimefika ya sita,
na penseli inanuka chumvi.